Tambara la Kanga Darini

Fundi Fransisko alimenya waya kwa meno. Anauma, anavuta, kisha anatema vipande vya mpira juu ya mkeka wangu, mkeka ninaoswalia. Nilipomwambia kwamba mafundi waliosomea hutumia koleo, alicheka na ugoro wake mdomoni.

"Vyeti vya nini, mama? Siku hizi tunajitegemea."

Aliletwa na balozi wetu wa nyumba kumi, Bwana Athumani. "Kijana wa hapa hapa Kilakala, mpe kazi." Nami nilikuwa na hamu ya taa, maana mwaka ule hata mafuta ya taa yalikuwa ya kupigania foleni. Nikakubali.

Mwaisha, jirani yangu na shoga yangu tangu usichana, aliniazima kanga yake kuukuu nyekundu nifunikie vyungu, kwa jinsi darini kulivyomwagika vumbi na mavi ya popo. Kazi ilipokwisha nilimrudishia. Imepungua pembe. Nikadhani panya.

Taa ilipowaka alikuja kuiona. Nikamtegea kitendawili: "Hana meno, anauma."

Akafikiri mpaka akachoka. "Haya, nakupa mji. Chukua Dumila."

"Dumila nikafanye nini, na vumbi lile?"

"Chukua Gairo basi, na karanga zake zote!"

Nikaenda Gairo, nikala karanga, nikarudi na jibu: umeme. Tulicheka mpaka machozi.

Masika yakaingia, na paa langu linavuja. Asubuhi moja binti yangu Shamsia alikwenda kuanika nguo kwenye waya uliofungwa kwenye bati la paa. Aligusa tu, akatupwa chini kama gunia. Mungu alimnusuru, ila mkono ulikufa ganzi siku nzima.

Watu wakajaa uani, Fransisko akiwa mmoja wao. Balozi akapanda darini na tochi, akashuka mbio.

"Kuna tambara jekundu juu kule, limefungwa fundo. La kanga."

"Fundi," nikamuuliza Fransisko, "ni lako hilo?"

Akatema ugoro wake pembeni ya ukuta wangu. "Mimi nafunga waya, mama, sifungi matambara. Hiyo hirizi. Msiiguse! Ulizeni kanga ya nani."

Kanga ile kila mtu aliijua. Macho yote yakamgeukia Mwaisha, mjane asiye na mtoto. Watu walewale aliowakandia mimba na kuwalelea watoto wakaanza kumkwepa kama ukoma. Balozi akamwambia afunge virago arudi kwao milimani kabla ya Ijumaa.

"Mwenzangu," Mwaisha akaniuliza, "na wewe unaamini?"

"Siamini fundo ambalo halijafunguliwa," nikamwambia. Nikajitanda kanga, nikashuka mjini kumtafuta Yohana, fundi mwenye leseni, aliyefunga taa za kiwandani. Ndiye niliyepaswa kumwita tangu mwanzo.

Kesho yake akaja. Nikawaita balozi, Fransisko na Mwaisha, na majirani wakajileta wenyewe. Yohana alizima kwanza swichi kubwa, akapima waya, ndipo akapanda. Akashuka na fundo mkononi, limekatwa pamoja na waya wake.

"Lifungue, mama. Haliumi sasa."

Watu wakarudi nyuma. Nikalifungua. Ndani mlikuwa na nyaya mbili zimesokotwa, na mpira wake una alama za meno pande zote. Bado unanuka ugoro.

"Fundi alikosa utepe wa kuzibia waya," Yohana akasema, "akafungia tambara. Limelowa mvua, umeme ukapita kwenye bati mpaka kwenye waya wa nguo."

Nikamgeukia Fransisko. "Ulichana kanga ya mtu?"

"Utepe haupatikani madukani, mama…"

"Sikuulizi utepe. Siku ile uliposema hirizi, ulijua ni fundo lako?"

Akakuna kisogo. "Nilijua. Ningesema ningekosa kazi."

Nimeosha maiti, nimeopoa panya aliyevimba mtungini. Kinyaa kama kile sijawahi kukisikia.

Mwaisha akalichukua tambara, akalilinganisha na pembe ya kanga aliyojifunga. Likaenea.

"Bwana Balozi," akasema taratibu, "mdomo ulionitangaza nyumba kumi uzizunguke hizo hizo kumi. Na huyu umtangulize, alibebe mwenyewe."

Wakaenda, mlango kwa mlango, Fransisko mbele na tambara lake. Huku nyuma Yohana alizing'oa nyaya zote akaanza upya.

Mchana Fransisko akarudi, jasho linamtoka, eti anaomba maji. Maji hayanyimwi mtu. Nikampa kwenye kikombe cha bati. Akanywa, akasukutua, akatema pale pale uani, akaenda zake.

Mwaisha akakiokota kikombe kwa ncha za vidole viwili. "Nikioshe?"

"Hapana, shoga. Kipeleke bandani."

Mpaka leo hicho wananywea kuku.