Alama ya Buluu Mlangoni

Ukucha wa Edith ulipita juu ya alama bila kukwama, naye akashusha pumzi. Fundi wa rangi za magari wa mjini Kayanga aliwahi kumwambia: ukucha ukikwama, gari limeumia; ukiteleza, ni rangi ya watu tu imekukalia juu. Hii ya buluu ilikuwa ya geti la zahanati. Asubuhi hiyo alirudi nyuma vibaya, na sasa ilikuwa kwenye mlango mweupe wa nyuma wa gari, ndefu kama mkono, mtu anaiona tangu barabarani.

Mumewe, Novatus, angefika saa kumi na lori la kahawa. Ilikuwa saa saba na ushee.

Novatus si mtu mbaya, tuseme ukweli. Ana masharti tu, na masharti yake hayana mlango wa uani. Mkewe aliruhusiwa kuendesha hadi mashineni na kanisani, basi, na siku utakapoonekana mkwaruzo, funguo zingeondoka ukutani. Lakini mama mzazi wa Edith, Anonciata, alikuwa kule Isingiro na kidonda mguuni. Mguu haukunjiki. Pikipiki aliijaribu mara moja, akalia njia nzima, na wiki iliyofuata hakwenda kusafishwa. Muuguzi akasema kikiachwa tena, mguu utakatwa. Edith alimwomba mumewe mara mbili ruhusa ya kumpeleka zahanati kwa gari. Mara zote mbili alijibiwa kwamba Anonciata ana watoto wa kiume. Kwa hiyo kila Jumatano, Novatus akiwa safarini, gari lilitoka kijijini kwao Songambele kimyakimya.

Basi akaanza kazi. Vumbi kwanza, kwa maji ya sabuni, maana ukisugua juu ya mchanga unajichongea mwenyewe. Kisha dawa ya meno kidogo kwenye fulana kuukuu iliyoloweshwa, taratibu, kwa kuzungusha, futa, tazama, rudia. Moyo ulimdunda kila lori lilipopita. Buluu ikaanza kuhamia kwenye fulana. Baada ya saa nzima ilibaki sehemu ya upana wa vidole viwili, na Edith akajikuta anatabasamu peke yake. Akaingia ndani kuchota maji ya mwisho.

Hakukawia, ila mama mkwe alikuwa mwepesi zaidi. Bibi Costansia, mama yake Novatus, waliyekuwa wakiishi naye, alikuwa amepiga magoti kando ya gari. Bakuli la majivu lilikuwa pembeni, gome kavu la mgomba mkononi, naye akiusugua mlango kama anavyosugua masufuria yake, ambayo kijiji kizima kinayasifu. Edith aliganda na ndoo yake. Mama mkwe hanyang'anywi kitu mkononi. Akamwomba kwa adabu apumzike, amwachie; bibi hakupumzika mpaka buluu yote ilipotoka. Na ilitoka kweli. Mahali pake palibaki kiraka cha kijivu, kipana kama ungo, chenye mikwaruzo isiyo na idadi. Edith alikipaka dawa ya meno yote iliyobaki, wala hakikushtuka.

"Jumatano najua unakokwenda," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Alama yako angeiulizia. Yangu ataivumilia."

Edith alitaka kumkumbatia, na alitaka kulia kwa hasira, vyote kwa pamoja.

Saa kumi Novatus aliinama mlangoni, akapapasa, kucha zikakwama. Kabla hajafungua mdomo, mama yake akamwambia ni yeye. Aliona uchafu wa kuku, akausugua. Novatus akameza maneno yake. Akacheka hata, kicheko kifupi, akasema mama hana kosa, kosa ni lake aliyeliacha gari uani. Akaingia ndani, akatoka na funguo, akazitia mfukoni.

"Kuanzia leo nitalilaza Kayanga kwa mwenzangu," alisema. "Huku mtachoka bure kulisafisha."

Bibi Costansia alimtazama mkwewe kwa furaha kwamba ugomvi umepita, kama mtu aliyemvusha mwenzake mto. Edith akapiga magoti mbele yake akamshukuru, maana ndivyo inavyotakiwa, na sauti haikumtetemeka.

Jumatano ijayo, saa mbili asubuhi, Anonciata angekuwa ameshaoga, ameketi nje ya nyumba yake, mguu juu ya kigoda, anasikilizia gari.