Huyo Mchakato Wenu

Faudhia hakuwa mwongo. Mwongo hutunga mambo, na yeye alikuwa na neno moja tu. Kila Jumatatu asubuhi, katika ofisi ya mradi wa maji pale Maisaka, mratibu wao Hamdani alizunguka meza akimuuliza kila mtu kazi yake imefika wapi. Zamu ya Faudhia ikifika, alijibu, "Iko kwenye mchakato, bosi," akarudi kwenye chapati yake.

Neno tamu lile. Halisemi ndiyo wala hapana, na anayelisikia huona haya kuuliza zaidi.

Kazi aliyopewa ilikuwa kwenda Sigino kumwomba Mama Elibariki ruhusa ya kupitisha mabomba ya zahanati shambani kwake. Kuongea na mama mmoja, basi. Lakini mvua zilikuwa zinanyesha, njia ina tope, na duka la vitenge la mama yake pale sokoni lilihitaji mtu wa kulishika mchana. Akasema ataenda kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, Jumatatu zikapita, kila moja na chapati zake.

Fundi Modesti akachoka kusubiri. Kwenye kikao kimoja, Faudhia akiwa anachati chini ya meza, fundi aliuliza, "Kwa hiyo ule mchakato wa Sigino umekamilika? Tuchimbe?" Faudhia akaitikia kwa kichwa. Hata hakujua ameitikia nini.

Wiki hiyo hiyo mtaro ukapita katikati ya maharage ya Mama Elibariki, yakiwa ndiyo kwanza yanatoa maua.

Hamdani hakufoka. Laiti angefoka! Alisema tu kwamba mwenye shamba hataki kesi wala ugomvi, anataka kuona jinsi vikao vyao vinavyokwenda, kwa hiyo Jumatatu watakutana kwake.

Wakakaa uani kwenye mabenchi, mtaro uko mbele yao. Maharage yaliyong'olewa yalikuwa yamelundikwa kando ya mlango, yamesinyaa. Mama Elibariki alikuwa anawamiminia chai.

"Shikamoo, mama," Faudhia alisema, macho chini.

"Marahaba. Ndiyo wewe Mchakato?"

Modesti akakohoa.

"Vijana wa fundi nilipowauliza nani kawaruhusu, wakaniambia mchakato umeshafanyika," mama akaendelea, kwa upole uliouma kuliko matusi. "Nikasema, huyo Mchakato wenu mbona hajafika hapa? Mimi siku zote nipo."

Faudhia alitamani ule mtaro ummeze.

Hamdani akaanza kuzunguka kama kawaida yake. "Faudhia. Ruhusa ya shamba imefika wapi?"

"Iko kwenye..." Neno lilitoka lenyewe, kwa mazoea. Mama Elibariki akaacha kumimina chai, akamtazama.

Faudhia akasimama. "Sikuja," alisema. "Sijawahi kufika hapa kabla ya leo. Saa za kazi nilikuwa dukani kwetu, na kila Jumatatu nikawadanganya wenzangu. Nisamehe, mama."

Mama akaweka birika chini.

"Haya, umefika," alisema Mama Elibariki. "Sasa niombe."

"Nikuombe nini, mama?"

"Si ulitumwa kuomba? Omba."

Basi Faudhia akaomba, mbele ya wenzake wote: mabomba ya zahanati yapite katika mtaro uliokwisha kuchimbwa, pale palipokuwa na maharage. Alipomaliza, chai kwenye vikombe ilikuwa bado inatoa moshi.

"Nimekubali," alisema mama. "Ningekubali siku ile ile ya kwanza. Mkwe wangu alijifungulia zahanati hiyo, maji tukambebea kwa ndoo kutoka hapa nyumbani. Ningekuonyesha pa kupita, pembeni kule, na maharage yangu yangekuwepo."

Akaingia ndani, akatoka na sahani.

"Nasikia kwenye vikao vyenu mnakula chapati," akasema, akamsogezea Faudhia wa kwanza. "Kula, mwanangu."

Faudhia aliipokea kwa mikono miwili, akakata kipande, akakitia mdomoni. Hakikushuka.