Kamongo wa Benedetta

Mwaka 1967 nilikuwa karani wa kampuni ya malori hapa Malaba, na kila Jumamosi alasiri nilijifanya mwalimu. Hakuna aliyenilazimisha. Serikali ilitaka watu wazima wafundishwe kusoma, nami nilikuwa nimefika kidato cha pili na nilikuwa na suruali ya kaki iliyopigwa pasi. Nikaona hayo mawili yanatosha. Darasa letu lilikuwa ghala tupu la mahindi. Wanafunzi walikalia magunia: wenye maduka, madereva waliosubiri karatasi zao, na akina mama wa sokoni.

Jumamosi moja ya Februari tulimaliza herufi mapema, nikaamua kuwaonjesha sayansi. Nikachora samaki ubaoni. Nieleze kwamba mimi Japheth ni mtu wa Kitui, na samaki pekee niliyekuwa na mazoea naye siku zile ni yule wa kopo, asiye na kichwa.

"Samaki anaishi majini," nikasema. "Ukimtoa, anakufa, kwa sababu hana mapafu. Andikeni."

Benedetta hakuandika. Alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Adungosi, mfyatua matofali kando ya kinamasi, na kwa kawaida hakusema sana.

"Mwalimu, kuna mwingine," akasema. "Kamongo. Kiangazi maji yakikauka, yeye anaingia kwa udongo, analala. Sisi tunamchimba na jembe."

"Na jembe, mama? Kama kiazi?"

Watu wakacheka. Kicheko kile kilinipanda kichwani.

"Tena anapumua hewa kama mtu," akaendelea. "Ukimshikilia chini ya maji asitoe mdomo, anakufa."

"Mmesikia?" nikawageukia wengine. "Samaki anayekufa maji! Basi tumfundishe kuogelea!"

Mutwalibu, mwenye duka la vitambaa, alicheka mpaka akavua kofia na kujipangusa uso. Benedetta akafunga daftari lake, akachomeka penseli kwenye kilemba, akatoka. Mimi nikaendelea kupaka samaki wangu magamba, nikidhani nimeshinda. Baadaye nilikuja kujua kwamba nusu ya waliocheka wamekula kamongo tangu utotoni. Walicheka kwa kuwa mwalimu alikuwa amefanya mzaha, na mwalimu hastahili kuaibishwa.

Jumamosi iliyofuata Benedetta alifika akisukuma baiskeli, na gunia limefungwa nyuma. Ndani yake mlikuwa na bonge la udongo mkavu, kubwa kama chungu cha maji. Akaliweka ndani ya karai, akamimina maji, akaketi.

"Ngoja," akaniambia.

Tukafanya hesabu za kutoa. Kila nilipogeuka kutoka ubaoni, hakuna aliyekuwa akinitazama. Macho yote yalikuwa kwenye karai. Udongo uliloa, ukamegeka, na katikati tukaona kitu cha kijivu kilichojikunja, mkia umefunika uso. Hakikutikisika.

"Hata kama ni samaki," nikasema, "huyu alikufa zamani. Nitawaonyesha kwamba hana mapafu wala meno."

"Mwalimu, usishike mdomo," akasema Benedetta.

Mtu mwenye akili angesikia. Mimi niliingiza kidole.

Sitasimulia mlio niliotoa. Mutwalibu anasema wenye maduka ya ng'ambo ya barabara walidhani lori limekanyaga mbuzi. Kamongo alining'ang'ania mpaka Benedetta alipomtia kijiti mdomoni na kuupanua, kisha yule samaki akainua kichwa juu ya maji, akavuta hewa kwa sauti, waziwazi, kama mzee anayekunywa chai ya moto.

Zahanati ilikuwa na dresa aitwaye Vitalis, mtu wa taratibu, ambaye hakufunga kidonda kabla ya kuandika.

"Umeumwa na nini?"

"Samaki."

"Ukiwa mtoni?"

"Nikiwa ghalani."

Akaweka kalamu chini. "Na huyo samaki alifikaje ghalani?"

"Kwa baiskeli."

Vitalis akanisogelea, akanusa pumzi yangu.

Jumamosi mbili sikufundisha. Kazini nilisema nimebanwa na mlango wa lori. Lakini jambo lililonikosesha raha halikuwa kidole. Nilisikia kwamba Benedetta amesema harudi tena darasani, nami nikadhani najua ni kwa sababu gani. Jumapili nikaenda Adungosi, nikamkuta kwenye tanuri lake, mikono imejaa tope.

"Nimekuja kuomba msamaha, mama. Ulisema kweli kuhusu kamongo."

"Mimi sikukasirika juu ya kamongo," akasema. "Kamongo atabaki kamongo, ukubali ukatae. Mimi nilitembea kutoka hapa mpaka Malaba nikiwa mtu mzima nishike penseli. Wewe ukafanya watu wanicheke."

Nilisema tu, "Nilikosa," na Kiswahili changu chote cha darasani kikaishia hapo. Akaniashiria nibebe matofali mabichi. Nikayabeba kwa mkono mmoja. Nilivunja manne, naye akayahesabu kwa sauti.

"Jumamosi nitakuja," akasema nilipokuwa naondoka. "Lakini samaki nitafundisha mimi."

Akafundisha. Alisimama mbele ya ubao na fimbo yangu, akaeleza jinsi ya kutambua tundu dogo la hewa juu ya udongo mkavu, na mahali pa kupiga jembe usimkate. Mimi niliketi juu ya gunia katikati ya madereva. Nikainua mkono wenye bandeji.

"Miezi yote hiyo ndani ya udongo, anakula nini?"

"Anajila mwenyewe, pole pole," akasema. "Kwa hiyo akiamka ana njaa. Wewe ulimpelekea chakula."

Walicheka, na safari hii nilicheka nao, ingawa nilichelewa kidogo. Maswali yakaendelea mpaka saa kumi na moja, na hakuna hata moja lililoelekezwa kwangu. Walipoondoka nikafuta ubao.