Tone la Lehemu la Shemasi Pettway

Binamu yangu Thaddeus husahau siku ya kuzaliwa ya mama yake, lakini mwamshe usingizini atakutajia kila kinanda cha umeme cha zamani kilichobaki Detroit, nani anacho na huyo mtu anaumwa nini. Sisi huvitafuta na kuvifufua. Kimoja tu kilikuwa kimempiga chenga miaka yote: cha kijani, kwa kuwa kiwanda kilivitoa vichache sana kisha kikahamia rangi nyeusi.

Tulikikuta kanisani, chumba cha chini, kimefunikwa majoho ya kwaya. Mpigaji wake, Mama Pettway, akatupa masharti.

"Kitengenezeni nikisikie. Kikiwa bado ni changu, kinabaki. Kikiwa kimekuwa kingine, chukueni, mtuletee kipya."

Alipopanda ngazi nikamnong'oneza Thaddeus, "Umesikia? Tukiboronga, chetu."

"Sijui kuboronga."

"Kwenye mapishi unajua sana."

Ndani ya kinanda kile kila kibonyezo hugonga ulimi wa chuma, na nchani pa ulimi pana tone la lehemu. Tone likiwa zito sauti inashuka, ukilipunguza inapanda. Ulimi mmoja wa katikati ulikuwa na tone kubwa kama bazoka iliyotafunwa.

"Fundi gani huyu? Alikuwa anapiga chafya?" Thaddeus akacheka, akalipiga tupa mpaka mshale wa kipimo cha sauti ukasimama katikati kabisa.

Mama Pettway akaja, akakaa, akaanza wimbo wa kuingilia. Katikati ya ubeti akasimama. Akabonyeza kibonyezo kimoja, kilekile, mara kadhaa.

"Hapa palikuwa panalegea kidogo. Kwaya yetu huwa inashuka hapa, tangu zamani, hawaambiliki. Marehemu mume wangu, Shemasi Pettway, akasema afadhali kinanda kiwafuate wao. Sijui alifanyaje." Akainuka. "Basi, si changu tena. Chukueni, wanangu."

Mimi nilishashika upande wangu wa kinanda. Thaddeus hakushika wake.

"Palilegea kiasi gani, mama?"

Nikamkanyaga mguu.

"Si nimewaambia mchukue?"

"Lehemu ya Shemasi nimeiondoa mimi. Nilidhani ni kazi ya ovyo. Hebu paimbe."

Mama Pettway akamtazama kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni, kisha akapaimba. Thaddeus akazima kipimo, akachomeka pasi ya lehemu, akatonesha, akasikiliza, akatonesha tena. Mama akirudia kuimba, yeye akipunguza kidogo kwa tupa, mpaka sauti mbili zikawa moja.

"Huyo!" Mama Pettway akapiga kelele, akarudi kitini. "Hattie! Njooni huku nyie, acheni masufuria!"

Wapishi wa kanisa, ambao ndio wanakwaya, wakashuka na aproni zao, wakaimba. Pale katikati wakashuka wote pamoja, na kinanda kikashuka nao.

Tukaondoka na gari tupu na pai ya viazi vitamu.

"Ungenyamaza tu," nikamwambia. "Miaka yote hiyo!"

"Halafu mji mzima usikie Thaddeus aliharibu sauti ya kinanda cha kijani?"

"Kwa hiyo umekipoteza kwa kuogopa umbea."

"Shika pai vizuri, itaanguka."