Dawa ya Josho

Kwaru, kwaru, kwaru. Giza lilikuwa halijaondoka. Kijiko kilikwangua kopo la klorini penye pipa la kijiji, nikajua mzee Simeoni, mtunza pipa, anaongeza dawa tena.

Tangu kipindupindu kimchukue mwanetu Yohana, sikuwa na hasira wala machozi. Mimi niliyezoea kutikisa mikutano ya kijiji kwa mashairi sikuwa na hata mstari mmoja.

Anastazia, mke wangu, tumbo likiwa kubwa, alinusa kata ya maji akairudisha mtungini.

"Haya siyanywi. Nitachota korongoni."

"Korongoni ndiko alikokunywa Yohana."

"Basi nichagulie wewe, baba Yohana. Nife kwa yapi?"

Nilikwenda pipani. Bwana afya Ezekieli alikuwa amefika kwa baiskeli kutoka Ikungi.

"Shikamoo mzee. Mbona maji yananuka hivi?" Ezekieli alimuuliza Simeoni.

"Marahaba. Lambo tunakochota limekaribia kukauka, tope limezidi, nami nazidisha dawa," alisema Simeoni, aliyesimamia josho la ng'ombe miaka mingi. "Josho likichafuka ndivyo tulivyofanya. Kupe hawakubaki!"

"Ng'ombe huogeshwa josho, mzee. Hawalinywi."

Wanawake wakacheka. Mimi nikauliza, "Mke wangu ana mimba. Anywe, asinywe?"

"Anywe. Kuacha dawa ni kukiita kipindupindu. Ila klorini ikikutana na majani yaliyooza na samadi, huzaa kemikali nyingine. Wataalamu wanazishuku: ukizinywa miaka mingi, huenda zikaleta saratani. Kwa mimba, bado hatujui. Chujeni kwanza kwa mchanga na mkaa. Maji yakitakata, dawa kidogo inatosha."

"Nani atabeba mchanga?" Simeoni akadakia. "Mshairi huyu? Huyu hubeba maneno tu."

Zamani ningemrukia. Nilichukua debe, nikashuka korongoni. Nilichota mchanga, nikauosha, nikaupanga na mkaa ndani ya pipa lililotobolewa chini. Mikono ilifanya kazi kama ya mtu mwingine.

Jioni maji ya lambo niliyoyamimina humo yalidondoka meupe. Ezekieli akatia dawa kidogo, tukasubiri. Nikanywa, kisha nikampa Anastazia kata. Aliishika bila kunywa.

"Haya ya leo. Na kesho?"

"Mama Yohana," nikasema kwa sauti, Simeoni akisikia, "mpaka huyu wa tumboni azaliwe na aache ziwa, dawa haitagusa maji ya kijiji hiki kabla sijayachuja kwa mikono yangu."