Kisigino Ndani ya Meza ya Mkubwa

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe kumi na mbili mwezi wa tano, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, watoto wakiwa darasani na chai ya walimu bado ya moto. Lori la idara ya elimu lilirudi kinyumenyume mpaka mlangoni pa bweni la shule ya viziwi. Wakashuka vijana sita na mitaimbo, wakaanza kung'oa sakafu.

Barua iliyokuja na lori ilisema sakafu ya mbao itaondolewa na kuwekwa marumaru, kwa sababu mbao zina kelele. Fundi seremala wa shule aliisoma mara mbili, maana kusoma kwake ni kwa kuvizia.

"Kelele zinamsumbua nani?" aliuliza.

"Mzee wangu, sisi tumetumwa tu," alisema dereva.

"Bweni zima ni viziwi. Ninayesikia ni mimi, na sijalalamika."

"Basi atakuwa amelalamika mkubwa."

"Mkubwa amewahi kulala humu?"

Dereva akasema hayo yako juu ya cheo chake, akauliza kama kuna chai.

Shule hiyo haikuwa na kengele, ingekuwa ya nini. Ukitaka kumwita mwenzako ulipiga mguu chini, mtikisiko ukaenda na mbao, ukapanda miguu ya vitanda vya chuma, ukamfikia. Kila anayemaliza shule, siku ya mwisho, alichagua ubao wake akapiga salamu yake ya kuaga, na ubao ukaiweka. Miaka sitini iliwekwa namna hiyo. Ukikanyaga ubao wa tatu kutoka dirishani ulipata hatua tatu za haraka na mburuto mmoja, ambazo ni za fundi cherehani mmoja wa mjini alipokuwa na miaka kumi na sita na raha zake. Walimu wapya walionyeshwa jambo hilo wiki ya kwanza, pamoja na stoo na vyoo.

Ubao wa mlangoni ulikuwa wa matroni, mke wa fundi. Shuleni kila mtu ana jina la mkono. Fundi jina lake ni vidole viwili nyuma ya sikio, kwa sababu ya penseli. Mkewe alikuwa ngumi moja juu ya kiganja: Kisigino. Alisoma hapo, akafanya kazi hapo, na kila alfajiri saa kumi na moja na nusu alisimama kwenye ubao ule akapiga, viwili vizito, kimoja chepesi, na watoto sitini wakaketi kitandani kwa mpigo mmoja kama waliovutwa na kamba. Alifariki miaka minne iliyopita kwa homa ambayo daktari alisema ni uchovu. Alizikwa Jumamosi. Jumatatu saa kumi na moja na nusu ubao ukapiga kama kawaida, viwili vizito, kimoja chepesi, watoto wakaamka. Mwalimu mkuu alipoomba matroni mwingine, idara ilijibu kwamba haioni haja, kwa kuwa kazi inafanyika.

Fundi alikuwa akifika pale kila alfajiri, anavua viatu, anasimama. Akishapigiwa ndiyo anaanza siku.

Marumaru yalikuwa meupe, yanateleza, yanapendeza kwenye picha. Asubuhi ya kwanza watoto waliamka saa nne. Walipiga miguu mpaka visigino vikavimba, lakini marumaru ni kama wakubwa, unapiga na hayana habari na wewe.

Barua ilikuwa imesema mbao zitahifadhiwa kama urithi wa shule, na kweli zilihifadhiwa. Idara ilizifanya meza, viti na makabati ya ofisi zake. Wiki ya kwanza mhasibu alikalia kiti akainuka akicheza. Kabati la mafaili liliwasalimia wageni. Karani mmoja mnene, mtu wa watu lakini mzito kuondoka, alikutwa koridoni akifanya hatua tatu za haraka na mburuto mmoja, faili kichwani, na hakuna aliyemuuliza kwa sababu wengine walikuwa wanasubiri zamu ya kupita. Ripoti ya mwezi ikaandikwa kwamba ari ya watumishi imepanda.

Ubao wa mlangoni uliangukia katika meza ya mkurugenzi. Shuleni mkurugenzi aliitwa kwa kuvuta tai shingoni. Fundi, anayesikia, na anayejua kwamba tai ni kitambaa na tai ni ndege wa mizoga, aliona jina limekaa vizuri pande zote.

Kisigino alfajiri hakukuta mtu wa kumwamsha mle ofisini. Akasubiri. Saa nane na nusu mchana, mkurugenzi akiwa ameshiba na kidevu kimegusa kifua, alimpigia viwili vizito, kimoja chepesi. Miwani iliruka, kikombe kikaruka, mkurugenzi akaamka akatia sahihi barua tatu. Kesho yake hivyo hivyo. Kumwamsha mkubwa kulikuwa kumewashinda wananchi miaka yote, akakuweza marehemu.

Fundi alipopata habari alivaa shati la Ijumaa akaenda.

"Karibu baba, kaa," alisema katibu muhtasi. "Hapana, si hicho. Hicho kina mwenyewe."

Akakaa kwenye kiti cha plastiki. Alipoingizwa ndani hakuzunguka.

"Mkurugenzi, hiyo meza ni mke wangu."

"Pole sana, mzee. Lakini ina namba ya serikali." Akamwonyesha, imeandikwa kwa rangi nyeupe pembeni.

"Nipe ubao mmoja tu. Nitakutengenezea meza nyingine kwa mikono yangu."

"Mzee, tangu meza hii ije sijalala kazini zaidi ya dakika tano. Wakubwa zangu wameona. Unataka nirudi nilikotoka?" Kisha akainama, akatikisa mguu wa meza. "Ila inalegea na hii mitikiso. Uje uwe unaikaza."

Basi fundi akawa anakuja kila siku saa nane na bisibisi, anaingia chini ya meza, anaweka viganja vyote viwili juu ya ubao na kungoja. Hapo ndipo alipogundua shida yake mpya: mkurugenzi asipolala, Kisigino hapigi. Mtu aliyemlaani mkubwa huyo asubuhi na jioni akaanza kumtafutia usingizi. Alipaka grisi kiti kisilie. Alishusha pazia. Alisimama koridoni, kidole mdomoni, akiwafukuza wenye shida zao.

"Tulieni jamani! Mkubwa analala!"

"Tangu lini wewe ni mtu wake?" aliuliza mhasibu.

"Tangu aanze kukoroma."

Akirudi chini ya meza, mkoromo unaanza, kisha viwili vizito, kimoja chepesi, viganjani, mpaka mabegani. Siku moja ukafuata mpigo wa nne, mdogo tu, kwa ncha ya kidole cha mguu, kama alivyokuwa akimgusa nyumbani chini ya meza wageni wakizidisha maneno. Fundi alicheka ndani ya mkono wa shati mpaka machozi yakamtoka, na bisibisi ikaanguka.

Mwalimu mkuu alipojua, aliandika barua. Ikakubaliwa: wanafunzi kumi, kila Alhamisi saa nane, ziara ya mafunzo ya urithi. Walisimama kuizunguka meza, viganja ukingoni. Mkurugenzi akajaribu kulala. Nani anaweza kulala akitazamwa na watoto kumi? Kwa heshima yao wakafumba macho, na mtoto kiziwi akifumba macho amekufungia nyumba nzima. Dakika kumi na mbili hivi wakasimama gizani wakimngoja mtu mzima alale. Akalala. Meza ikapiga. Watoto wakafumbua macho wakicheka, mikono yote juu inatetemeka hewani, ndiyo makofi yao, na wadogo wawili walioingia shule baada ya marumaru walikuwa wakitazama viganja vyao mbele na nyuma.

Hapo msichana wa darasa la tatu akamgusa mkurugenzi begani akauliza jambo. Fundi alitoka chini ya meza, vumbi la mbao kichwani, akatafsiri. Mkurugenzi akafuta mdomo, akakaza tai, akamwambia katibu muhtasi aliandike kwenye mengineyo. Aliandika. Likapelekwa ghorofa ya juu, likarudi na muhuri wa "linashughulikiwa". Kila Alhamisi msichana huliuliza tena, na fundi hulitafsiri tena, neno kwa neno:

"Hapa mna kengele, mna simu, mna saa ukutani, na masikio mnayo. Sakafu yetu mnaitakia nini?"