Kombe la Betri

Mimi mume wangu nilimgawana na gari, na sioni haya kusema. Chaher alikuwa na Pejo 403 ya kijivu, teksi, akichukua abiria kutoka uwanja wa ndege wa Amborovy kuwapeleka Mahajanga mjini. Kila asubuhi, kabla hajaniuliza nimeamkaje, alikuwa ameshafungua boneti na kuingiza kichwa humo. Nilimtania: "Nisalimie mke mwenzangu." Anacheka, huku anafuta kijiti cha oili kwa kitambaa.

Lakini nilikuwa natazama. Amborovy ya siku zile, mwaka wa kwanza wa uhuru, ilikuwa mchanga na vichaka na nyumba mbili tatu. Hakuna wa kupiga naye soga, basi nilikaa kwenye kigoda nikimtazama mume wangu, naye akanifundisha. Oili hupimwa gari likiwa baridi, limesimama pasipo mteremko. Chomoa kijiti, kifute, kichovye tena, ndipo usome, maana mara ya kwanza kinadanganya. Rejeta usiifungue ikiwa moto, itakuchuna uso. Mafuta ya breki yakishuka usiongeze tu ukajisifu, tafuta yanakovujia. Akifika kwenye betri, sauti inabadilika, utadhani khatibu wa Ijumaa.

"Fungua vifuniko, uone bamba za ndani zimefunikwa na maji. Zikianza kuchungulia, ongeza maji ya mvuke, yale ya mvuke uliopozwa, basi. Si ya kisima, si ya bomba. Visima vya hapa vina chumvi, Roukia, na chumvi ni sumu ya betri. Haiiui hapo hapo. Inaila polepole."

Ule ukoko mweupe unaoota kwenye vichwa vya betri, tuliuosha kwa maji moto na magadi, tukakausha, tukapaka grisi. Maji ya mvuke alikuwa akiletewa na kaka yake Elamine, aliyefanya kazi kwenye matangi ya kiwanda cha sukari cha Dzamandzar, kule Nosy Be. Yalikuja kwa meli ndani ya chupa kubwa ya kioo, na hakuna mtu aliyeruhusiwa hata kunawia.

Huo wote haukuwa wazimu wa mwanamume na chombo chake. Mtoto wetu wa kwanza nilimzalia nyumbani, tulipokuwa tunakaa Tanambao. Alikwama, akafa kabla ya kuuona mwanga. Daktari alimwambia Chaher mbele yangu: "Mwingine asizaliwe nyumbani asilani. Uchungu ukianza tu, mlete huyu hospitali nimpasue. Mkichelewa, mtoto hamtampata." Sasa nilikuwa na mimba ya pili, mwezi wa mwisho, tunakaa mbali na mji, na gari ni hilo hilo moja. Chaher alilitazama gari lile kama mtu anayelinda maisha ya mwanawe, na ndivyo ilivyokuwa.

Kisha ikaja telegramu kutoka Nosy Be: Elamine hoi, njoo. Chaher alikaa ukingoni mwa kitanda ameishika.

"Nenda," nikamwambia. "Ni kaka yako, hana mtu kule."

"Na wewe?"

"Mimi nina Mmadi, nina mama yako, nina na huyo mke mwenzangu wa chuma. Nenda!"

Mmadi ni jirani yetu, mpagazi pale uwanjani, anajua kuendesha. Chaher alimwachia ufunguo na maneno mengi: kila asubuhi aliwashe, aliache lingurume kidogo, apime kila kitu. Akapanda meli.

Mama Hachimia, mama mkwe wangu, alikuja kutoka Tanambao kukaa nami. Nimseme vizuri kwanza, maana baadaye nitashindwa. Alinikanda miguu jioni. Alinipikia uji wa wali na tangawizi, akaamka alfajiri kuniombea kwa jina, nikimsikia. Kasoro yake ni moja: kwake hakuna kitu kinachoharibika chenyewe. Sufuria ikitoboka, imetupiwa jicho. Kuku akiacha kutaga, kuna mtu amepita akamsifu.

Asubuhi moja nilifungua vifuniko vya betri, bamba zinachungulia. Chupa ya Elamine imekwisha, na kiangazi kimekaza, hata tone la mvua la kukinga hakuna.

"Betri ina kiu," nikamwambia Mmadi. "Itavumilia. Chaher atarudi na maji yake."

Mama Hachimia alikuwa mlangoni. "Gari hilo watu wanalitazama sana," akasema. "Nilishamwambia mwanangu."

Alhamisi akaenda Tanambao kwenye darsa, akarudi na chupa ameificha ndani ya mtandio. Lilikuwa kombe. Mwalimu Athoumani alikuwa ameandika aya kwenye sahani nyeupe kwa zafarani, akaziosha kwa maji ya kisima chake na marashi kidogo, kama wanavyofanyiwa wagonjwa na wanawake wazito. Nilipiga bismillahi nikanywa. Sisi sote tumelelewa kwa kombe, na sioni aibu kusema kwamba lilinituliza moyo.

"Bakisha," akaniambia. "Si lako peke yako."

Nikadhani ni la magoti yake, yalikuwa yanamsumbua.

Baada ya hapo miguu ilinivimba ikawa kama mihogo, nikakatazwa kuinama. Mmadi akawa anapima oili na rejeta peke yake. Betri hakuifungua, kwa kuwa tindikali ilishawahi kumtobolea suruali yake ya sikukuu ya Idi na hajaisahau. Kila asubuhi nikiwa nimelala nalisikia gari linavyowaka, na kila asubuhi linakohoa zaidi ya jana.

"Limechoka tu, shemeji," Mmadi ananiambia dirishani. "Linamkumbuka bwana wake."

"Acha mzaha. Osha vile vichwa kwa magadi."

Akaosha. Likawaka. Nikatulia.

Uchungu ulinishika adhuhuri, ghafla, wa kunikata kiuno. Mama Hachimia akatoka mbio kumwita Mmadi, nami nikajikokota mpaka garini nikishika ukuta. Mmadi akazungusha ufunguo. *Tk.* Akazungusha tena. *Tk.* Akatoa manivela, chuma cha kuwashia injini kwa mkono, akaizungusha mbele mpaka akaishiwa pumzi. Injini ikapiga chafya moja, ikanyamaza.

"Fungua betri," nikasema.

"Shemeji, panda ulale kwanza..."

"Fungua betri, Mmadi!"

Nikasimama nimeegemea bampa, tumbo limekaza kama ngoma. Akafungua kifuniko cha kwanza kwa ncha za vidole. Maji yalikuwa yamejaa mpaka mdomoni, ya njano iliyochafuka. Na juu ya ule ukali wa tindikali unaochoma pua, nikasikia marashi.

Sikuhitaji kuuliza. Niligeuza uso tu nikamtazama. Mama Hachimia alikuwa amesimama na kifurushi cha nguo za mtoto, na wallahi uso wake ulikuwa unang'aa.

"Usiogope, mwanangu. Kombe lile limesomewa Yasini yote. Gari nililinywesha siku ile ile, kila tundu na fungu lake. Jicho la mtu haliligusi tena. Litawaka tu."

Damu ilinichemka. Maji ya kisima cha Tanambao! Yale yale tunayoyakataa hata kupikia chai kwa chumvi yake! Nilifungua mdomo nimwambie, uchungu ukaja ukanifunga pumzi, na ulipopita Mmadi alikuwa ameshakimbia uwanjani kutafuta watu wa kusukuma.

Mchanga wa Amborovy haujui haraka ya mtu. Wapagazi walikuja wakavua mashati, wakatandika magunia chini ya magurudumu, wakasukuma, gari likasogea kidogo likazama. Wakahamisha magunia mbele, wakaanza tena. Mama Hachimia naye alisukuma, mtandio umeanguka, mvi nje, anasoma kwa sauti. Mimi nimelala kiti cha nyuma nimeuma leso. Nilimsikia mtoto anapiga teke, nikamwambia ngoja, baba yako kafundisha watu, ngoja kidogo tu.

Barabarani, kwenye mteremko, injini ikashika. Watu wakapiga kelele za furaha.

"Usilizime," nikamwambia Mmadi. "Hata iweje, usilizime."

"Silizimi, shemeji."

Tulipoingia mjini, mkokoteni wa ng'ombe ukatukatia njia karibu na soko. Mmadi akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, akasahau klachi, gari likaruka likazimika. Tukaanza upya: kuita watu, kueleza, kusukuma. Mchuuzi mmoja aliacha mapapai yake chini akaja. Wengine walitaka kwanza kujua mimi ni mke wa nani. Jua kali, bati la gari linachoma, na Mama Hachimia anaendelea kusoma sikioni mwangu, hakupumzika hata kidogo.

Tulipofika geti la hospitali sikusikia tena mateke. Nilijua kabla ya daktari.

Alikuwa mvulana. Daktari alinipasua akaniokoa mimi, akaniambia kwa upole kwamba tungewahi kidogo tu tungempata. Mtoto alioshwa na Mama Hachimia kwa mikono yake. Akamfunga sanda ndogo, akaja kukaa kitandani kwangu akanishika mkono.

"Kombe limekuokoa wewe," akasema. "Bila lile, ningewazika wawili."

Nikauondoa mkono wangu. Nilikuwa na maneno, ndugu zangu, nilikuwa na maneno ya kumtoa mtu roho. Nikasema moyoni sitayapoteza hapa kwenye vitanda vya wagonjwa. Nitamngoja Chaher, nitayasema mbele yake, asikie mwenyewe mama yake kamfanyia nini. Siku zote nilizolala pale niliyapanga, usiku na mchana, hii hasira ndiyo iliyonisimamisha.

Chaher alirudi kutoka Nosy Be nikiwa nimesharuhusiwa kurudi nyumbani. Kaka yake alikuwa amepona. Habari zetu alizipata bandarini, kwa watu. Aliingia chumbani akapiga magoti, akaweka paji la uso kwenye godoro, tukalia mpaka tukanyamaza. Kisha akatoka nje, kwa kuwa ni mwanamume asiyejua la kufanya na mikono yake, nikasikia boneti inafunguliwa.

Nikainuka, mshono unanivuta, nikamfuata mpaka barazani. Mama Hachimia alikuwa mlango wa jikoni. Chaher alifungua kifuniko, akainama, akanusa. Akafungua cha pili. Akachovya kijiti akakitazama juani kikiwa na rangi ile ya njano.

"Nani katia hiki humu?" akauliza. Hakupandisha sauti. "Betri imekufa, ndiyo maana gari halikuwaka. Imeuawa. Haikufa yenyewe. Nani?"

Nikamtazama mama mkwe wangu. Sasa alikuwa ameelewa. Mkono ulikuwa kifuani, midomo imekuwa ya majivu, na macho yake yalikuwa kwenye kile kijiti. Nilikuwa nimeisubiri saa hii kwa roho yangu yote. Niliyashika maneno yangu, nikayaleta mpaka ulimini, nikaona yule mzee hatalivuka neno la kwanza. Angeanguka pale pale. Sikumsamehe, msinielewe vibaya, hata leo sijamsamehe.

"Mimi," nikasema. "Maji yalikuwa yamepungua."

Chaher akanigeukia. Nilidhani atakataa. Nilidhani atasema, wewe, Roukia, haiwezekani, wewe unajua.

"Nilikufundisha mwenyewe," akasema.

Akaamini! Alinitazama kama mtu anayemtazama aliyemuulia mwanawe, na akaamini upesi hivyo.

Mama Hachimia alifungua mdomo. Nilimsubiri, wallahi nilimsubiri, na Chaher naye akamgeukia. Mama akavuta mtandio wake kichwani, akaingia jikoni, nikamsikia anaanza kupeta mchele.